Kwa nini dereva anaiona tahadhari ya makutano na bado hapunguzi mwendo

Lori likiharibika kwenye barabara ya Tabora kwenda Urambo, utingo hukata matawi mabichi na kuyalaza kwenye lami nyuma ya gari, hatua kadhaa kati ya tawi na tawi. Sheria inataka pembetatu za kuakisi mwanga, na malori mengi yanazo, lakini matawi hayajaacha kazi. Dereva anayekuja nyuma akiyaona huachia mafuta papo hapo, hata kama lori lenyewe bado limefichwa na kona. Dereva huyohuyo, kilomita chache mbele, atapita kibao cha pembetatu yenye ukingo mwekundu kinachoonyesha makutano, na mshale wa mwendo hautashuka hata kidogo.

Kibao kina kipimo chake, kimo chake na karatasi yake ya kuakisi. Tawi halina hata kimoja cha hivyo. Lakini tawi bichi lina tarehe: ubichi wake unasema kwamba leo, muda si mrefu, mtu alikuwa na sababu ya kulikata. Tawi lililokauka, madereva wazoefu hulipita tu, maana lori limeshaondoka. Kibao cha makutano hakikauki wala hakichipui. Kinasema neno lilelile saa nane usiku barabara ikiwa tupu na saa nne asubuhi siku ya mnada. Aliyekipita mara mia bila kuona mtu akitokea pembeni amejifunza jambo, hata kama hajui kwamba amejifunza: alama hii haina habari.

Jambo hilo ndilo linalotenganisha tahadhari zinazobadilisha uendeshaji na zile zinazopamba barabara. Ukubwa, rangi na taa vina umuhimu wake, ila vinakuja baada ya swali la kama alama imezoeleka kusema kweli kwa wakati wake.

Tunapima nini

Watu wengi hupima tahadhari kwa ajali: zimepungua au hazikupungua. Kwa makutano mamoja kipimo hicho kinadanganya. Makutano yanaweza kukaa mwaka mzima bila ajali kwa bahati tu, kisha yakapata tatu kwa mwezi, na bahati haikuletwa wala kuondolewa na kibao. Ndiyo maana wahandisi wa usalama hupima vitu vitatu vinavyoonekana kila siku: mwendo wa magari yanapofika, mahali ambapo mguu unatoka kwenye mafuta, na macho ya dereva yanaelekea wapi.

Hicho cha tatu husahaulika, nacho ndicho kizito. Tahadhari iliyopunguza kilomita tano tu kwa saa lakini ikamfanya dereva atazame barabara ya pembeni imefanya kazi kubwa. Kinyume chake kipo pia: kibao chenye taa kali kinaweza kuvuta macho yakabaki kwenye kibao chenyewe, huku mwenye baiskeli ya magunia ya mkaa akiingia barabarani upande wa pili.

Mwendo unapimika bila mtambo. Chora mistari miwili ya chaki pembeni ya lami, mita 50 kati yake, kisha tumia saa ya simu. Gari likitumia sekunde 3.6 lilikuwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Likitumia sekunde 2.25 lilikuwa kwenye 80. Ukikosea kubonyeza kwa sekunde 0.2 tu kwenye mwendo wa 80, hesabu inapotoka kwa kilomita 6 hadi 8, kwa hiyo barabara ikiwa imenyooka afadhali mita 100. Pima magari yasiyofuata jingine kwa karibu, maana la nyuma mwendo wake umeamuliwa na la mbele. Ukipata magari 100, yapange kuanzia la polepole hadi la kasi na usome la 85: huo ndio mwendo ambao wengi hawauzidi, na ndio unaotumika kupanga alama. Na ujifiche kidogo. Mtu aliyesimama kando ya barabara ameshika kitu mkononi anafanana na trafiki mwenye tochi, na kila gari litakuja kwa adabu.

Mita na sekunde

Kabla ya kuzungumza juu ya imani ya dereva, lazima tahadhari imfikie akiwa bado na nafasi ya kufanya kitu. Dereva anayeshtukizwa hukanyaga breki baada ya sekunde 1.5 hivi, wanaobuni barabara huhesabu 2.5 ili wabaki na akiba ya mchovu, mzee na aliyekuwa akigeuka kuongea na abiria. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo ukihesabu sekunde 1.5, gari dogo limekula mita 33 kabla breki haijashika, kisha mita 35 nyingine kwenye lami kavu breki ikikanyagwa kwa nguvu zote. Jumla inakaribia 70. Lori lililojaa, lenye breki za wastani, linahitaji 95 hivi. Kwenye 50 gari hilo dogo lingesimama ndani ya mita 35.

Hizo ni breki za hofu. Tahadhari haiwekwi kwa ajili ya breki za hofu, inawekwa ili dereva apunguze bila abiria kurushwa mbele. Kushuka kutoka 80 hadi 50 kwa utulivu kunachukua mita 75, ongeza 55 za kuona na kuamua kwa zile sekunde 2.5, unapata 130. Kusimama kabisa kwa utulivu huohuo kunakaribia mita 180. Kibao kilichowekwa mita 40 kabla ya makutano ya barabara kuu hakimwambii dereva kitu anachoweza kukitumia. Kilichowekwa mbali mno kina ugonjwa mwingine: dereva anaachia mafuta, hapati makutano, anarudisha mwendo, na makutano yanamkuta akiwa kwenye 80 ileile.

Tabora ina tatizo lake kwenye kuona kwenyewe. Miembe inayopanga barabara nyingi za mji ni urithi mzuri, lakini tawi moja lililoshuka linafunika kibao kwa nusu ya mwaka, na kivuli chake kizito saa za mchana hufanya rangi isionekane kwa dereva anayetoka kwenye jua. Vumbi la kiangazi hukaa juu ya karatasi ya kuakisi na usiku kibao kinakuwa ubao mweusi. Kukifuta kwa maji na kitambaa kunarudisha sehemu kubwa ya mwanga. Bati lililochakaa kwa jua ndilo halirudi. Na kuna vibao ambavyo havipo kabisa kwa sababu chuma kimeuzwa chakavu na nguzo imebaki. Ni kawaida kukuta makutano yana tahadhari kwa upande mmoja na upande mwingine shimo la nguzo tu, na wakazi wakaomba matuta wakati kilichopotea ni kibao.

Kibao kinachozungumza pale tu kuna sababu

Jibu la kitaalamu kwa kibao kilichozoeleka ni kukifanya kinyamaze. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Nyuzilandi ilianza kujaribu mfumo huu kwenye makutano ya vijijini, ambako barabara kuu ina mwendo mkali na barabara ya pembeni ina magari machache. Kwenye barabara ya pembeni, na kwenye sehemu ya kusubiri kukata kona, huwekwa vitambuzi. Barabara kuu ina kibao cha taa ambacho muda mwingi ni cheusi. Gari likikaribia kutoka pembeni, kibao kinawaka na kuonyesha kikomo kilichopungua, kwa mfano 70. Gari likipita, kinazima. Nchini Marekani majimbo kama Minnesota na North Carolina yamefunga mifumo ya jamii hiyo, mingine ikiwa na taa za njano zinazowakawaka badala ya kikomo.

Inafanya kazi kwa sababu ileile ya tawi bichi. Taa ikiwaka, dereva anapokea habari ya sasa, na sekunde chache baadaye analiona gari lililoiwasha. Kila mara anapoliona, imani inaongezeka. Kikomo kinasaidia pia: taa ya njano inamwachia dereva aamue "tahadhari" ni nini, wakati namba 70 inamwambia afanye nini. Wengi wakiambiwa tu wawe makini huhisi tayari wako makini.

Ugumu uko kwenye kitambuzi. Aina ya kawaida ni koili ya waya iliyofukiwa ndani ya lami, yenye upana wa mita 2 hivi, ambayo huhisi chuma kikubwa kinapopita juu yake. Basi inalijua. Pikipiki inayopita katikati ya koili, mbali na waya, inaweza isitambulike. Baiskeli ndiyo zaidi. Mkokoteni wa ng'ombe wenye fremu ya mbao usiulize. Sasa simama kwenye makutano yoyote ya vijijini Tabora uhesabu kinachotoka pembeni. Ni bodaboda, baiskeli, mikokoteni, watembea kwa miguu, na mara mojamoja Noah. Mfumo uliopangwa kwa ajili ya magari ungekuwa kipofu kwa wale hasa wanaogongwa. Koili iliyokatwa kwa mistari ya mshazari hukamata pikipiki vizuri zaidi, na rada ya kwenye nguzo ni bora kuliko koili, ingawa nayo huwashwa na mbuzi wasiohusika.

Kati ya makosa hayo mawili, kuwaka bure na kukosa kuwaka, la pili ni baya kupita kiasi. Kuwaka bure kunamchosha dereva polepole. Kukosa kuwaka kunamdanganya, kwa sababu akishazoea kwamba kibao huwaka mtu anapokuja, kibao cheusi anakisoma kama ruhusa. Ukimya unakuwa ujumbe. Kibao kilichokufa betri hakiwi sawa na makutano yasiyo na kibao, kinakuwa hatari kuliko hayo. Kwa hiyo mtu anayetaka kufunga mfumo wa namna hii aanze na swali la matunzo: paneli ya sola imefungwa juu kiasi gani mwizi asiifikie, betri inabadilishwa na nani na kwa bajeti ipi, na mfumo ukifa unaonyesha nini. Mfumo mzuri ukipata hitilafu hubaki ukiwakawaka, hauzimiki kimya.

Upo mtindo unaogeukia upande wa pili: taa inamwambia aliye barabara ndogo kwamba gari linakuja kwenye barabara kuu. Huu una faida ya pekee, kwa sababu binadamu ni dhaifu sana katika kukisia mwendo wa kitu kinachomjia uso kwa uso. Tunakisia umbali, na pikipiki kwa kuwa ni ndogo huonekana iko mbali kuliko ilivyo. Dereva wa gari dogo anahitaji nafasi ya sekunde 7 hivi kukatisha barabara ya njia mbili, na kwenye mwendo wa 80 hizo ni mita 155. Anayesukuma baiskeli yenye mzigo anahitaji zaidi, kumi au kuzidi. Kwa hiyo taa hiyo ipangwe kwa sekunde, si kwa mita. Ikipangwa kuwaka gari likiwa mita 150, lori la 40 kwa saa litaiwasha karibu sekunde 14 kabla halijafika, watu watachoka kusubiri, watavuka taa ikiwa inawaka, na siku gari la 100 likija, sekunde 5 na nusu zilizobaki hazitawatosha.

Njano

Kwenye taa za kuongozea magari tahadhari ni rangi ya njano, na inaeleweka vibaya kuliko zote. Mwaka 1960 watafiti watatu wa General Motors, Denos Gazis, Robert Herman na Alexei Maradudin, walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba dereva anaweza kuvunja sheria bila kosa lake. Chukua gari kwenye 50 kwa saa na njano ya sekunde 3. Kusimama kwa utulivu kunahitaji mita 45 hivi. Kupita kabla nyekundu haijawaka kunahitaji awe ndani ya mita 42. Aliye mita 43 au 44 hawezi kusimama vizuri wala hawezi kuwahi. Kwa mwenye 70 kwa saa ukanda huo unaanza mita 58 na kuishia 81, na kwa lori lenye breki nzito kwenye 50 unatoka 42 hadi 62.

Dawa yake ni njano iliyohesabiwa kulingana na mwendo halisi wa magari, sekunde 3.3 kwa 50 na 4.6 kwa 80, pamoja na sekunde moja au mbili ambapo pande zote ni nyekundu ili aliyechelewa atoke katikati. Ukirefusha njano kupita hapo, mazoea yanaingia: madereva wanajifunza kwamba ina muda na wanaitumia kama kijani.

Mazoea hayohayo ndiyo yanayozisumbua taa zinazohesabu sekunde, ambazo dereva wa Tabora hukutana nazo akienda miji mikubwa. Zikihesabu kwenye nyekundu, injini inaunguruma ikifika 3 na bodaboda wameshaondoka ikifika 1. Zikihesabu kwenye kijani, wapo wanaoachia mafuta mapema na wapo wanaokanyaga ili wawahi, na wote wako kwenye njia moja, mmoja nyuma ya mwingine. Nchi kama Austria na Israeli zilitumia kijani kinachopepesa kabla ya njano, na watafiti walikuta jambo la namna hiyo: wanaosimama mapema waliongezeka, na kutofautiana kwa uamuzi kati ya wa mbele na wa nyuma kukaongezeka. Tahadhari inayompa dereva muda zaidi wa kuamua inampa pia muda zaidi wa kuamua tofauti na jirani yake.

Rasta

Rasta, yaani ile mistari ya vibonge inayotetemesha gari kabla ya makutano au kijiji, haiombi imani. Inaingia kupitia usukani na kiti. Ndiyo tahadhari yenye ushahidi mzuri wa Afrika: kwenye makutano ya Suhum, barabara ya Accra kwenda Kumasi nchini Ghana, rasta zilizowekwa karibu na mwaka 2000 zilifuatiwa na upungufu wa ajali wa asilimia 35 hivi na wa vifo wa asilimia 55 hivi. Kwa kazi ya bei ile, ni matokeo ambayo mifumo mingi ya taa haijayafikia.

Lakini rasta ina siri ambayo kila dereva wa basi anaijua. Kibonge cha milimita 10 hadi 15 kinatikisa sana gari likiwa na mwendo wa kati, na likiwa kwenye kasi zaidi springi na matairi humeza mtetemo. Anayetaka kusumbuliwa kidogo huongeza mwendo. Rasta peke yake, bila makutano kuonekana mbele au tuta la kweli kufuata, baada ya miezi michache inakuwa muziki wa njiani. Inayofuatwa kila mara na tuta inabaki na heshima yake, kwa sababu dereva anajua kinachokuja. Tuta la mviringo lililopimwa vizuri, mita 3.7 kwa urefu wa kupita na milimita 100 kwa kimo, linapitika kwa mwendo mdogo bila kuumiza gari. Yale ya kienyeji yenye kimo cha kujikisia huvunja springi na kumfanya dereva akanyage breki ghafla, hasa usiku pale rangi ilipofutika, na anayegongwa ni wa nyuma yake.

Kuna kasoro ndogo ya ujenzi yenye madhara makubwa. Rasta zikiishia kabla ya ukingo wa lami ili maji na baiskeli zipite, bodaboda hupita kwenye uwazi huo bila kutetemeka hata kidogo. Yeye ndiye asiye na bodi ya gari kumkinga, na ndiye pekee ambaye tahadhari haikumfikia. Tena uwazi huo ndio njia ya watembea kwa miguu. Na zikiwekwa upande mmoja tu wa barabara, magari madogo huhamia upande wa pili kuzikwepa, yaani kuelekea yanayokuja. Ziwekwe upana wote wa lami isipokuwa uwazi wa baiskeli, nao uwe mwembamba kiasi kwamba pikipiki inayoupitia lazima ipunguze.

Pale reli inapokata barabara

Tabora ni mji wa reli tangu treni ilipofika mwaka 1912, kisha ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likafuata mwaka 1928. Kwa hiyo makutano ambayo mkoa huu unayajua kwa muda mrefu kuliko yote ni yale ya barabara na reli ya kati, na hapo saikolojia ya dereva inakuwa kali zaidi. Treni ni chache kwa siku. Dereva wa daladala anayevuka reli mara ishirini anaweza kumaliza wiki bila kuiona hata moja wakati anavuka. Kibao cha msalaba kinachoonyesha reli kinapambana na uzoefu huo wote.

Geti, kengele na taa nyekundu zinazopishana hushinda msalaba, ila zina sharti la muda. Marekani inataka onyo lianze angalau sekunde 20 kabla treni haijafika. Tuseme kitambuzi kimewekwa relini mita 417 kutoka kwenye kivuko, ili treni ya kilomita 60 kwa saa iwashe onyo sekunde 25 kabla. Treni ya mizigo inayojikokota kwa 15 italiwasha sekunde 100 kabla, na kiberenge kikisimama ndani ya eneo hilo geti litabaki limefungwa bila treni. Kadiri kusubiri kunavyorefuka, shaka inaingia: pengine mtambo umeharibika. Wa kwanza anazunguka geti kwa mtindo wa nyoka, hakufa, na walio nyuma wamejifunza. Mitambo inayopima mwendo wa treni na kuanza onyo kwa muda uleule kwa kila treni ilibuniwa kwa ajili ya tatizo hili hasa. Pasipo mtambo huo, mlinzi wa geti mwenye simu ya stesheni na bendera anafanya kazi ileile kwa akili yake.

Kuna udanganyifu wa macho pia. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Herschel Leibowitz alieleza kwamba kitu kikubwa kinaonekana kwenda polepole kuliko kidogo chenye mwendo uleule, na treni ikija uso kwa uso haibadilishi umbo haraka hadi iwe karibu sana. Lori lenye tela linaweza kuhitaji sekunde 15 kuondoka na kutoa mkia wake relini. Treni ya kilomita 50 kwa saa ndani ya muda huo imekwenda mita 208. Kwa hiyo kivuko kisicho na geti kinataka dereva aliyesimama aone reli mita 200 na zaidi kila upande, na hapo panga la kufyekea lina thamani kuliko kibao cha pili. Reli mpya ya SGR imelikwepa suala hili kwa madaraja na makaravati, kwani kwa treni ya kilomita 160 kwa saa hakuna onyo kwa dereva ambalo lingetosha.

Kabla ya kuomba taa

Tahadhari humwomba dereva apunguze. Umbo la barabara humlazimisha. Kipilefti kilichojengwa vizuri kinapinda njia ya gari kiasi kwamba kupita kwa 60 haiwezekani, awe dereva anaamini vibao au haamini, amelala usingizi nusu au yuko macho. Pale mwili wa makutano unapoweza kubadilishwa, fedha iende huko kwanza. Makutano makubwa ya barabara kuu kama Kidahwe, ambako njia ya Kigoma inagawanyika kwenda Kasulu na Uvinza, ni mahali pa hesabu hiyo kabla ya mahali pa taa za kuwakawaka.

Yapo pia mambo ya gharama ndogo ambayo serikali ya mtaa inaweza kuyaanza wiki hii, kisha ikapeleka kwa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au TANROADS (wakala wa barabara kuu) orodha fupi ya yale yanayohitaji mhandisi. Kijiwe cha bodaboda kilicho kwenye pembe ya makutano kisogezwe mita 20 hadi 30 ndani ya barabara ndogo, pamoja na kibanda cha chipsi na magari ya kupakia, kwa sababu dereva wa barabara ndogo hulazimika kuingiza pua ya gari kwenye barabara kuu ili aone. Miembe ipunguzwe matawi ya chini. Mstari wa kusimama upakwe rangi upya mahali ambapo mtu akisimama anaona kweli pande zote.

Na vibao vilivyokwisha muda viondolewe. Mkandarasi akimaliza kazi, vibao vya 30 na "kazi inaendelea" hubaki miezi mingi kwenye lami safi, na kila dereva anayevipita kwa 80 bila kuona hata sepetu anajifunza kutoamini rangi nyekundu kwa jumla. Hasara hiyo inalipwa kwenye makutano ya mbele, ambako kibao kinasema kweli. Kuondoa kibao cha uongo kunastahili kuandikwa kwenye mkataba na kukaguliwa kama inavyokaguliwa lami.

Baada ya badiliko lolote, mwendo upimwe mara mbili: wiki mbili baada ya kuweka, na tena baada ya miezi sita, kwa sababu kitu kipya hupunguza mwendo kwa upya wake tu na sehemu ya upungufu huo hurudi. Vipimo vyote vifanyike siku ileile ya wiki na saa ileile, isiwe siku ya mnada ikiwa cha kwanza hakikuwa siku ya mnada.